"Ule hapana": kura ambayo Kongo haiihesabu

Mama anayeniuzia bunga, yaani unga, kwenye soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, ana kopo lake la kupimia lililobonyea upande mmoja, na anapopima mkono unakwenda wenyewe huku mdomo ukiongea na wateja. Wiki chache kabla ya kura ya urais ya Desemba 2023 nilimuuliza atamchagua nani. Hakunitajia wa kwake. Alitaja jina la mgombea mmoja, akatikisa kichwa, akasema: "Ule hapana. Ata banipe mufuko muzima ya bunga, ule hapana."

Basi nani? Hapo akasita. Alikuwa na majina matatu kichwani na yeyote kati yao angemfaa. Aliyekuwa na hakika naye ni yule mmoja tu, yule asiyemtaka.

Nimeongea na watu wa namna hii kila msimu wa kura tangu 2006, mitaa ya Katuba, Ruashi, Kamalondo, kwenye foleni za mabasi na kwenye matanga. Raia wengi wanamjua wasiyemtaka mapema sana kuliko wanavyomjua wanayemtaka. Ndiyo maana swali ambalo watu wanalirudia kila siku, kama mgombea anayegawanya watu anaweza kushinda urais, mimi sianzi kulijibu kwa kuangalia tabia za mgombea. Naangalia kwanza kama sheria inampa yule mama nafasi ya kusema "ule hapana". Kongo haimpi. Kwa hiyo jibu langu kwa nchi yetu ni ndiyo: mtu anayependwa sana na upande mmoja na kukataliwa kabisa na pande nyingine anaweza kushinda hapa, tena bila taabu kubwa. Sababu haimo katika makabila yetu, kama wageni wanavyopenda kusema. Imo katika kifungu cha 71 cha Katiba.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katiba iliyotangazwa Februari 2006 ilimtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura, na asipofika, wawili wa kwanza warudi kwa wananchi. Tarehe 30 Julai 2006 wagombea walikuwa 33. Joseph Kabila alipata asilimia 44.81, Jean-Pierre Bemba 20.03, mzee Antoine Gizenga 13.06. Kwa sheria ya leo Kabila angekuwa amemaliza kazi siku ile, mbele ya wa pili kwa zaidi ya mara mbili. Kwa sheria ya wakati ule hakuwa ameshinda chochote.

Kumbuka alichofanya. Alimfuata Gizenga, mzee wa Bandundu aliyekuwa na Lumumba serikalini. Akamfuata pia Nzanga Mobutu, mtoto wa rais yule yule ambaye Laurent-Désiré Kabila, baba yake Joseph, alimwangusha mwaka 1997. Mtoto wa aliyepindua alikwenda kuomba kura kwa mtoto wa aliyepinduliwa. Hapa mashariki kuna waliochukia jambo lile, nakumbuka kelele zake. Lakini Gizenga akawa waziri mkuu, Nzanga akaingia serikalini, na Kabila akafika asilimia 58.05 katika duru ya pili ya Oktoba. Hakuna aliyemlazimisha kuwapenda watu hao. Hesabu ndiyo iliyomlazimisha kuwatafuta.

Januari 2011 bunge likabadilisha kifungu hicho. Duru ikawa moja, na anayeongoza anachukua nchi hata kwa kura chache. Uchaguzi wa 28 Novemba mwaka ule ukampa Kabila asilimia 48.95. Étienne Tshisekedi alipata 32.33, Vital Kamerhe 7.74, Kengo wa Dondo karibu 5. Waangalizi wa Carter Center walisema matokeo yale hayaaminiki, na walitaja Malemba-Nkulu, huku kwetu Katanga, ambako karibu kila mtu aliyeandikishwa alihesabiwa kuwa amepiga kura na karibu kila kura ikaenda kwa mtu mmoja. Lakini weka malalamiko hayo kando kwa dakika moja, chukua namba rasmi kama zilivyo: zaidi ya nusu ya waliopiga kura walimtaka mwingine.

2018 pengo likapanuka. CENI, tume ya uchaguzi, ilimtangaza Félix Tshisekedi, mtoto wa Étienne, kwa asilimia 38.57, Martin Fayulu 34.83, Emmanuel Ramazani Shadary 23.84. Maaskofu Wakatoliki wa CENCO, waliokuwa na waangalizi nchi nzima, walisema namba za CENI hazilingani na walizokusanya wao, na jeraha hilo halijapona mpaka leo. Ila hata anayeziamini namba hizo kwa moyo wote anakubali kwamba zaidi ya watu sita kati ya kumi waliopiga kura walichagua jina jingine. Na kumbuka Geneva: tarehe 11 Novemba 2018 wakubwa wa upinzani walitia sahihi wawe na mgombea mmoja, Fayulu, siku iliyofuata Tshisekedi na Kamerhe wakaondoa sahihi zao. Wengi waliwaita wasaliti. Mimi naona walisoma sheria vizuri. Mahali ambapo theluthi moja na kidogo inatosha, kwa nini mtu ajitoe kwa ajili ya mwenzake?

Majirani zetu wametufundisha jambo hili na hatukuwasikiliza. Kasumbalesa ni kilomita 90 hivi kutoka hapa, na bunga ya yule mama mara nyingi inapitia huko. Zambia walikuwa na Michael Sata, waliyemwita King Cobra. Alikuwa mgombea wa kugawanya watu kweli kweli: maneno makali, vidole usoni, hasira dhidi ya kampuni za Kichina hasa baada ya mlipuko wa kiwanda cha baruti pale Chambishi mwaka 2005, ulioua wafanyakazi karibu hamsini. Wachimba madini wa Copperbelt na watu wa mitaa ya Lusaka walimpenda kama mtu anayesema yaliyo tumboni mwao. Vijijini na kwa wafanyabiashara alitisha.

Mwaka 2001 alipata asilimia 3 na kidogo. 2006 akafika 29. 2008, katika uchaguzi uliofuata kifo cha Rais Levy Mwanawasa, akafika 38 na kushindwa kwa pengo dogo. 2011 akashinda kwa asilimia 42. Wengine wanasema alishinda kwa sababu watu waliuzoea ukali wake, wengine kwa sababu aliupunguza, na ni kweli kwamba mwaka ule aliwasema Wachina kwa sauti ya chini. Chama chake kilikuwa na mwito wa "Donchi Kubeba", yaani usiwaambie: pokea zawadi za chama tawala, kula, nyamaza, halafu piga kura yako. Ulikuwa mwito wa akili sana na watu wa huku mpakani waliurudia wakicheka. Lakini tazama walioshindwa. Rais Rupiah Banda alipata asilimia 35, Hakainde Hichilema 18. Hao wawili pamoja wanapita nusu. Sata aliingia Ikulu kwa haki kamili ya sheria ya wakati ule, kwa sababu waliomkataa walikuwa wamegawanyika vyumba viwili.

Kisha Wazambia wakabadilisha sheria. Tangu 2016 mshindi lazima avuke nusu. Na yaliyompata Hichilema ndiyo yanayonivutia kuliko yote. Miaka mingi alisemwa kuwa mtu wa Kusini tu, mtu wa Watonga, na alishindwa mara tano. Angebaki anachuma kura za Kusini angekufa akiwa mpinzani. Ilimbidi atafute watu Lusaka na Copperbelt, kwenye ngome ileile ya Sata, watu wa lugha nyingine ambao walikuwa wameambiwa wamwogope. 2021 alishinda kwa asilimia 59. Sisemi tabia yake ilibadilika. Nasema njia ya Ikulu ilipitishwa mbele ya nyumba za watu waliokuwa hawamtaki.

Wafaransa wana mfano wao, na sisi tuliochukua sheria nyingi kutoka kwao kupitia Wabelgiji tungeutazama. Jean-Marie Le Pen, mgombea wa siasa kali za kulia, mwaka 2002 alipata asilimia 16.86 katika duru ya kwanza, akawa wa pili, nchi ikashtuka. Wiki mbili baadaye, katika duru ya pili, alipata 17.79. Hakuongeza hata asilimia moja nzima. Jacques Chirac, ambaye duru ya kwanza hakufika hata 20, alipita 82, kwa kura za watu wengi wasiompenda. Binti yake Le Pen, Marine, naye amegonga dari hiyo hiyo, ingawa dari yake imepanda: mwaka 2022 alifika 41. Kwa hiyo duru ya pili haimzuii mgombea wa namna hii milele. Donald Trump ameshinda mara mbili Marekani, ya kwanza akiwa nyuma ya Hillary Clinton kwa idadi ya kura za wananchi, kwa sababu kule wanahesabu majimbo. Kila nchi ina mlango wake, na wagombea wanajua upana wa mlango kabla hawajaanza kampeni.

Sasa geuza jambo hili upande wa pili, upande ambao unaniuma zaidi. Ikiwa anayekataliwa na wengi anaweza kushinda, anayekubaliwa na wengi hupata nini? Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, wa hospitali ya Panzi, mwenye Nobeli ya Amani ya 2018, aligombea 2023. Nenda Goma, nenda Kindu, njoo hapa Lubumbashi, utapata shida kumpata mtu anayesema "ule hapana" juu yake. Alipata asilimia 0.22. Najua hakuwa na chama kikubwa wala pesa, na alichelewa kutangaza. Yote hayo ni kweli. Lakini hata angekuwa nayo, kuwa chaguo la pili la watu milioni kumi katika duru moja ni sawa na kutokuwepo. Yule mama wa bunga alikuwa na majina matatu yanayomfaa. Kikaratasi kilimruhusu moja. Wasomaji wa Bukavu wataniambia daktari angebaki hospitalini kwake. Labda. Mimi bado naona ni hasara kwa nchi kwamba mtu asiye na adui anaanza mbio akiwa nyuma ya mtu mwenye adui nusu ya nchi.

Na hapa ndipo tunapofika kwenye tusi. Katika duru moja kumtukana jirani yako hakukugharimu kitu. Hutarudi kwake wiki tatu baadaye kumwomba kura, kwa hiyo unaweza kumwita utakavyo. Mwaka 2006 kambi ya Bemba ilijinadi kuwa ya "Mkongomani asilimia mia", na kila mtu alijua mshale unamlenga Kabila. Bemba alishinda Kinshasa na magharibi kwa maneno hayo, lakini alibaki kwenye asilimia 41.95 nchini, kwa sababu kulikuwa na duru ya pili na mashariki ilimjibu. Miaka kumi na saba baadaye silaha ileile ikarudi, safari hii ikimlenga Moïse Katumbi, gavana wetu wa zamani wa Katanga na mwenyekiti wa TP Mazembe, kwa kuwa baba yake hakuzaliwa Mkongomani. Mwanasiasa Noël Tshiani alisukuma mradi wa sheria wa kumtaka kila rais awe na baba na mama Wakongomani. Mradi haukupita, na Oktoba 2023 Mahakama ya Katiba ilikataa ombi la kumzuia Katumbi. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka, na kampeni nzima tulisikia habari za "wagombea wa wageni".

Simtetei Katumbi. Naye ana watu wanaomkataa kabisa, na nguvu zake zilibaki zaidi huku kwao: alimaliza na asilimia 18. Tshisekedi alitangazwa na 73, na kwa namba hizo hata upinzani wote ungekaa upande mmoja usingemfikia. Wapinzani walizikataa, na waangalizi wa makanisa walieleza kasoro nyingi. Ila weka 73 hiyo kando ya daftari la wapiga kura. Walioandikishwa walikaribia milioni 44. Kura za mshindi zilikuwa milioni 13 na kidogo. Zaidi ya nusu ya walioandikishwa hawakuhesabiwa kabisa, na mbali na hao wapo watu wa Masisi na Rutshuru, kule Kivu, ambao vita viliwanyima hata kujiandikisha vizuri au kupiga. Ndiyo njia nyingine ya mgombea anayegawanya watu: si lazima awashawishi wanaomkataa, inatosha wabaki nyumbani. Baada ya hapo Goma na Bukavu ziliingia mikononi mwa waasi wa M23, Januari na Februari 2025. Mtu anaweza kushika hesabu ya urais wa kesho bila Kivu zote mbili, na sheria haitamuuliza kitu.

Nilizaliwa Likasi. Mwaka 1992 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Tarehe 15 Agosti mkutano mkuu wa taifa kule Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu badala ya Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Kwa watu wa Kinshasa ilikuwa habari ya siasa. Kwetu ikawa habari ya mtaa. Viongozi walikuwa wamekwisha kuwafundisha vijana jukwaani kuwaita majirani wetu Wakasai bilulu, wadudu, na vijana wakashuka jukwaani na neno hilo mkononi. Mama jirani, ambaye mimi nilimwita mama mukubwa na ambaye alinipaka mafuta kichwani nilipokuwa na surua, alikuja jioni moja kwa mlango wa nyuma. Alimkabidhi mama yangu ufunguo na sufuria ya maharage iliyokuwa bado inachemka, mbabula, yaani jiko la makaa, na yote, akasema watoto wetu wale. Walikwenda kulala kituo cha treni pamoja na maelfu ya wengine, wakisubiri mabehewa kwa wiki na miezi. Mama yangu aliyamalizia maharage kuiva na kuyapeleka kituoni usiku. Hakuwapata.

Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba kampeni ya kugawanya watu ni mbinu tu, kwamba baada ya kura watu husahau, namsikiliza kwa heshima na sikubaliani naye. Mgombea anaondoka na ndege. Neno lake linabaki kwenye kisima cha mtaa.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo nilikuwa naishika mimi mwenyewe. Waliofuta duru ya pili 2011 walisema ni ghali, na walisema ilitaka kuichoma nchi. Hawakusema uongo wote. Agosti 2006, siku matokeo ya duru ya kwanza yalipotangazwa, walinzi wa Kabila na wa Bemba walipigana Kinshasa kwa siku tatu, na nyumba ya Bemba ilishambuliwa mabalozi wakiwa ndani. Ramani ya duru ya pili ilikata nchi vipande viwili, Kiswahili upande huu na Kilingala upande ule. Niliiona ramani ile nikaogopa, na 2011 niliwaambia wenzangu kwamba duru moja itatupunguzia damu. Nilikosea. Waliopigana Kinshasa walikuwa na majeshi mawili kabla ya kura yoyote kuhesabiwa, na walipigana tena Machi 2007, kura zikiwa zimekwisha kitambo. Tangu 2011 tumekuwa na chaguzi tatu za duru moja, na kila moja imetuacha na rais ambaye sehemu kubwa ya nchi inasema hakuwahi kushinda. Gharama ya kikaratasi cha pili inaweza kupigiwa hesabu. Gharama ya kutoaminiana hii tunailipa kila siku.

Oktoba 2024, akiwa Kisangani, Rais Tshisekedi alitangaza kwamba tume itaundwa kuitazama upya Katiba. Tangu siku hiyo nchi nzima inagombana juu ya kifungu cha 220, kile kinachofunga idadi na urefu wa mihula, na wanaokilinda wana haki ya kukesha mlangoni. Lakini kifungu cha 71 hakina kufuli lile. Bunge lilikibadilisha mara moja ndani ya wiki chache na linaweza kukirudisha bila kugusa muhula wa mtu yeyote. Wapinzani waliodai duru ya pili miaka ile ya kuandaa sheria ya uchaguzi ya 2022 siwasikii tena wakiidai kwa nguvu. Nahofu kila mmoja wao anapiga hesabu ya theluthi yake na kidogo.

Mwezi uliopita nilirudi soko la Kenya. Bunga imepanda tena. Nilimwuliza mama yule jambo moja tu: tuseme kura imepigwa, wamebaki wawili, na wote wawili si wa kwako. Ungefanyaje? Aliweka kopo chini, na tangu nimjue sijamwona akiliweka chini mbele ya mteja.

"Abo babili?" akasema. "Apo bangekuya kwanza hapa kuniomba."

Kisha akanipimia.